Bega Langu na Lilowe

Siku ya thelathini na moja tangu afe, Mzee Tokuji Kitabatake aliimba tena sebuleni kwake.

Sauti ilitoka kwenye simu ya mwanawe, Noriaki, iliyokuwa mezani kando ya sahani ya matunda yaliyomenywa. Mwaka uliopita Noriaki alimrekodi baba yake kwenye mkahawa wa karaoke, akaifanya rekodi hiyo kuwa mlio wa simu yake. Basi kila alipopigiwa, hata na muuza bima, marehemu alijikohoza kidogo, akavuta pumzi, akaanza: "Mwavuli wetu ni mmoja, sogea karibu, bega langu na lilowe..."

Bibi Sumiyo, mjane wake, alikuwa amefikisha kikombe cha chai mdomoni. Alikirudisha chini bila kunywa. Mate machungu yalikuwa yamemjaa chini ya ulimi.

"Pokea simu, mwanangu," alisema.

"Ngoja aimbe kidogo, Mama. Si baba huyu?"

"Najua ni baba yako. Pokea."

Wimbo ule haukuwa wa Mzee Tokuji. Ulitungwa na Kurahashi Tamotsu, mwanamuziki ambaye watu wa umri wao pale mjini Takaoka walimjua kuliko wanavyowajua shemeji zao. Tangu ujana wake Kurahashi alikuwa akitunga nyimbo za mapenzi zenye mvua ndani yake, na stesheni, na barua zisizojibiwa. Sasa ana miaka sabini na sita, nywele kazipaka weusi wa kiatu, na bado kila mwezi anasimama kwenye televisheni Jumapili mchana, anafumba macho na kunong'ona. Wanawake wazima wanalia. Nyimbo zake zinapigwa kwa kinyozi, kwenye harusi, na kwenye duka la vyakula upande wa mboga. Bibi Sumiyo hakuweza kuchagua fungu la vitunguu majani bila kunong'onezwa kwamba machozi yake ni lulu. Kila mara alihisi kama mtu mwenye vidole vilivyolowa amemgusa shingoni.

Na kati ya nyimbo zote hizo, huu wa mwavuli ndio uliomchafua tumbo.

Mgeni wa siku ile alikuwa Bwana Kanemitsu, mchonga mawe. Alikuwa mtu wa adabu. Kabla ya kukaa alikwenda kwanza kwenye madhabahu ya nyumbani, akawasha udi, akakiinamia chungu cha mifupa ya marehemu aliyechomwa, kilichofungwa kitambaa cheupe. Halafu, kwa kuwa aliona Bibi Sumiyo anakunja goti moja kwa shida, aliitandaza karatasi yake upande wa bibi ili asilazimike kuinama. Bibi aliliona hilo, akamshukuru kimoyomoyo.

Karatasi ilikuwa mchoro wa jiwe la kaburi. Siku ya arobaini na tisa mifupa ingewekwa chini yake. Pembeni liliandikwa jina la Tokuji, na chini ya jina lake, kwa wino mwekundu kwa kuwa mwenyewe alikuwa hai, liliandikwa la Sumiyo. Siku atakayokufa wangeufuta wekundu, na yeye naye angeingizwa humo, moja kwa moja.

Katikati ya jiwe, kwa maandishi makubwa ya brashi, palisomeka: *Bega langu na lilowe.*

"Siku hizi wengi wanapenda neno," alisema Bwana Kanemitsu. "Wapo wanaoandika 'Asante'. Wapo wanaoandika 'Upendo'. Mwezi uliopita nimemchongea mzee mmoja 'Nimelala, msinisumbue'."

Noriaki alicheka. Mkewe, Chinatsu, alicheka pia, lakini macho yake yalikuwa kwa mama mkwe.

"Mwandiko ni wa Mama Ranko mwenyewe, wa mkahawani," Noriaki alieleza. "Wazee wote wa pale wameomba liandikwe hili. Na mimi nilikuwa nimeshalifikiria kabla yao. Mama, wimbo huu alikuimbia wewe. Utalala chini ya maneno aliyokuimbia maisha yake yote. Nani ana bahati hiyo?" Alisogeza kidau cha wino wa mhuri. "Gonga mhuri wako hapa, Bwana Kanemitsu aanze kazi."

Bibi Sumiyo aliutazama mhuri. Ulikuwa mdogo, wenye jina lake badala ya sahihi, umelika pembeni, na alikuwa ameutumia kwa mambo mengi aliyoambiwa agonge. Mkono wake haukwenda.

"Naomba siku mbili," alisema.

"Siku mbili za nini, Mama?"

"Macho yangu. Nataka nisome vizuri."

"Ni maneno manne tu!"

"Basi nitayasoma siku mbili."

Noriaki alifungua mdomo. Chinatsu akakifunika kidau cha wino, akakiweka upande wake kama anayesafisha meza. "Wino umekauka pia," alisema. Haukuwa umekauka.

* * *

Kichefuchefu cha Bibi Sumiyo kilianza siku moja ya Juni, miaka arobaini na mitano nyuma, Jumapili, mchana wa mvua.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mimba ya Noriaki imetimia. Tokuji alikuwa ameaga kwamba anakwenda mkahawani kufanya mazoezi, maana kiwanda chao cha kuyeyusha shaba kilikuwa na sherehe na yeye alipangiwa kuimba. Uchungu ulimshika Sumiyo jikoni. Akajikokota hadi kwenye simu, akapiga mkahawani. Aliyepokea alikuwa mama yake Ranko, aliyekuwa mwenye mkahawa enzi hizo.

"Mwambie aje," Sumiyo alisema. "Mtoto anakuja."

Simu iliwekwa juu ya kaunta bila kukatwa. Sumiyo alisikia muziki, akasikia mume wake anaimba. Halafu yule mama akarudi, sauti yake ina haya. "Anasema amebakiza wimbo mmoja."

Sumiyo alibaki ameshika simu. Wimbo ule mmoja ukaanza. Mwavuli wetu ni mmoja. Aliusikiliza ubeti mzima, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kuikata, na lilipofika bega na kulowa, alitapika. Alitapika juu ya simu, juu ya nguo yake, mpaka mlangoni. Ladha ile ya nyongo na supu ya asubuhi ilijishikiza kwenye wimbo na haikubanduka tena.

Aliyemkuta amepiga magoti kizingitini alikuwa Urushihara, muuza tofu, vile vipande vyeupe laini vya soya, aliyekuwa akipita na baiskeli na tarumbeta lake dogo la kuitia wateja. Hakuuliza maswali. Aliiacha baiskeli pale pale mvuani, na ndoo zake za tofu ziko wazi, akavua aproni yake ya mpira akamfunika kichwa, akambeba mgongoni hadi zahanati ya mkunga. Njiani alikuwa akihesabu nguzo za umeme kwa sauti ili Sumiyo ajue wamebakiza ngapi. Zilikuwa kumi na tisa. Tofu yote ya siku ile iliharibika.

Tokuji alifika jioni, mkavu. Alipoambiwa, jambo la kwanza alilolisema lilikuwa: "Usimwambie mtu. Mke wangu kabebwa mgongoni na mwanamume wa mtaani, nitaonekana nani kiwandani?"

Kwa hiyo hawakupeleka hata zawadi ya shukrani. Kwao hilo ni jambo zito. Mtu akikuokota kitambaa unampelekea keki. Lakini zawadi ingetaka maelezo, na maelezo yangemtia aibu Tokuji. Sumiyo alinyamaza. Alichofanya ni kununua tofu kwa Urushihara kila siku duka lilipofunguliwa, kwa miaka arobaini na mitano, hata siku ambazo jana yake ilikuwa bado haijaliwa.

* * *

Kesho yake mchana alikwenda mkahawani. Alikuwa amejipanga vizuri: angewashukuru wazee, angesema yeye ni mtu wa kale na jiwe tupu linamtosha, nao wasingemlazimisha.

Mkahawa wa Mama Ranko ulikuwa wa mchana, saa sita hadi saa kumi na moja, kahawa na kipande cha keki na nyimbo tatu kwa kila mtu. Harufu yake Bibi Sumiyo aliijua kutoka kwenye makoti ya mumewe: sigara za miaka iliyopita, mafuta ya nywele, na maiki iliyotemewa mate na watu wengi. Kwenye rafu, kati ya chupa za wateja, chupa ya Tokuji ilikuwa bado na kibao cha jina lake shingoni.

Walimpokea kama malkia. Mama Ranko alitoka nyuma ya kaunta na taulo la moto. Bibi Tokie, mwenye nywele alizozitia rangi ya zambarau, alimpa mto wake, yeye akakalia kiti kisicho na mto. Bwana Horie, mstaafu wa posta, akazima mashine katikati ya wimbo wake mwenyewe.

"Wimbo wa Tokuji haujaguswa, shemeji," alisema Bwana Horie. Pale kila mtu ana wimbo wake, na mwingine haugusi hata akiupenda vipi. "Tangu afe, namba ile hakuna aliyeibonyeza. Hata Tokie, ambaye hana adabu."

"Mimi sina adabu? Wewe uliyeimba wimbo wa marehemu Shimozato kabla hajafikisha wiki?"

"Niliuimba kumwombea!"

"Ulivyouimba, naye aliomba. Aliomba unyamaze."

Walicheka wote, na Bibi Sumiyo akajikuta anatabasamu. Walikuwa watu wema. Hilo ndilo lililomfanya aone ugumu.

"Nimekuja kwa ajili ya lile neno la kwenye jiwe," alianza.

"Usitushukuru!" Mama Ranko alimkatiza, machozi yameshamlenga. "Ni haki yenu. Habari ya mwavuli sisi sote tunaijua."

"Habari gani?"

"Haya, anaona haya!" alisema Bibi Tokie. "Ya siku uliyojifungua, dada. Tokuji ametusimulia mara ngapi! Kila mwaka Juni ikifika, kabla ya kuimba, anasimama pale, anasimulia, ndipo anaimba."

Bibi Sumiyo aliushika ukingo wa meza. "Anasimulia nini?"

Bwana Horie akasimama pale pale alipozoea kusimama Tokuji, akakohoa kama Tokuji. "Kwamba mvua ilikuwa inamwagika. Kwamba alikuja mbio kutoka hapa hapa, akakukuta kizingitini. Akakubeba mgongoni. Mwavuli akakushikisha wewe, yeye akalowa bega, akalowa mwili mzima, akapata homa siku tatu. Na njiani alikuwa anakuhesabia nguzo za umeme ili usiogope. Kumi na tisa."

Kumi na tisa. Hata nguzo alizichukua. Sumiyo mwenyewe ndiye aliyemwambia habari ya nguzo, kitandani zahanati, akiwa na mtoto kifuani, akitaka mumewe ajue kwamba kuna mtu aliyemfanyia wema.

"Mume wangu mimi," Bibi Tokie alikuwa anasema, "hata mfuko wa vitunguu hajawahi kunibebea. Nikimwambia nimechoka ananiuliza kwani vitunguu vina uzito gani."

"Na Noriaki alipofikisha miaka ishirini," alisema Mama Ranko, "baba yake alimleta hapa. Alikaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia. Alipomaliza kuhadithiwa, kijana alilia mpaka leso yangu ikalowa. Akasema: mimi sijui kuimba, ila nitajitahidi kuwa mtu kama baba."

Halafu, kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine ya kumheshimu, walisimama wote watatu wakampigia makofi.

Bibi Sumiyo aliinuka akaenda msalani, haraka kuliko goti lake lilivyotaka. Alitapika. Ilikuwa chai na nyongo na ladha ile ile ya Juni. Kinyaa kilimpanda kutoka tumboni hadi kwenye mizizi ya nywele. Alimwona Tokuji amesimama chini ya taa ndogo za rangi na nywele zake za mafuta, macho amefumba, anajilambisha wema wa mtu mwingine mwaka baada ya mwaka kama mtoto aliyeiba asali, kisha anafuta midomo na kurudi nyumbani kudai wali wa moto.

Mkono laini ulimgusa mgongoni. Alikuwa Bibi Tokie. Alikuwa amelowesha kitambaa chake cha hariri, kile kizuri, na alikuwa anamfuta nacho mdomo bila kujali.

"Lia, dada," alisema. "Mapenzi kama yale hayaishi kwa mwezi mmoja."

* * *

Duka la tofu lilikuwa njiani. Mzee Urushihara alikuwa na miaka themanini sasa, na alifungua siku tatu kwa wiki tu. Sakafu yake ya saruji ililowa daima, na yeye alisimama katikati ya maji na mabuti yake, mikono ndani ya beseni, akikata kile kitu cheupe kana kwamba kinaweza kuumia.

"Leo umechelewa," alisema. "Nimekuwekea cha pembeni, kigumu kigumu unavyopenda."

"Mzee, nikuulize jambo."

"Uliza, ila bei haishuki."

"Ulijua anachokisimulia Tokuji pale kwa Ranko?"

Mikono ndani ya beseni ilisimama. Maji yalitulia. Kutoka kwenye redio ndogo juu ya rafu mtu alikuwa anasoma bei za samaki.

"Nilikuwa nawapelekea tofu," mzee alisema hatimaye. "Mwaka mmoja nikamkuta katikati ya hadithi. Aliponiona mlangoni alinyamaza. Kidogo tu. Halafu akaendelea."

"Ukafanya nini?"

"Nilipiga makofi."

"Ulipiga makofi!"

"Watu wote walikuwa wanapiga, mimi nisimame na ndoo? Na kusema kweli aliimba vizuri. Kuimba alijua yule."

Bibi Sumiyo hakujua kama anataka kucheka au kutapika tena. Alivuta kigoda akakaa. Akamweleza habari ya jiwe, na mhuri, na kwamba Noriaki aliambiwa akiwa na miaka ishirini na akaamini.

Mzee Urushihara alikausha mikono kwenye aproni. "Mimi usiniandike popote," alisema. "Niko hai na jina langu halijakaa vizuri kwenye mawe, ni refu. Lakini huyo kijana. Ana miaka arobaini na mitano, amemlilia baba yake juzi tu. Ukimnyang'anya hadithi hiyo atabaki na nini?"

"Ndiyo maana nimekuja. Sikulala jana, na leo pia sitalala."

"Huwezi kulala chini ya maneno hayo bila kumwambia?"

Bibi Sumiyo alifikiri kwa haki kabisa. Alikuwa amelala kando ya mwenye maneno hayo miaka arobaini na saba. Alikuwa amefua makoti yake. Alifikiria wali wa kwanza wa kila asubuhi anaoupeleka kwenye madhabahu, na udi, na jinsi mtu aliyekufa asivyoweza tena kuomba radhi hata akitaka.

"Kulala naye nitalala," alisema. "Nimemzoea, hata kukoroma kwake. Lakini wajukuu watakuja wataosha jiwe, watayasoma maneno yale, wataambiwa hadithi, na mimi nitakuwa chini pale nimefungwa mdomo na mchanga. Mpaka leo nimenyamaza nikiwa mzima. Siwezi kunyamaza na huko."

Mzee aliufunga mfuko wa tofu, akaongeza kipande cha pili, na bibi alipotaka kulipia hicho cha pili akajifanya hasikii.

* * *

Siku ya pili Bwana Kanemitsu alirudi na karatasi ile ile. Noriaki alikuwa ameshaandaa mhuri. Chinatsu alileta chai na biskuti za mchele. Bibi Sumiyo alingoja mpaka kila mtu amepata kikombe chake.

"Neno hilo lisichongwe," alisema.

Noriaki aliweka kikombe chini. "Mama, wazee wameshaambiwa."

"Nitakwenda kuwaomba radhi mwenyewe."

"Kwa nini lakini? Ni kumbukumbu ya siku niliyozaliwa! Baba aliniambia. Alikubeba mgongoni mvuani..."

"Si yeye aliyenibeba."

Bwana Kanemitsu aliinuka polepole. "Nitakwenda kuuangalia ule mti wenu wa uani," alisema. "Nimeona unapendeza." Akatoka, akaufunga mlango wa karatasi nyuma yake, na wakamsikia anasimama mbali kabisa, ukutani.

Bibi Sumiyo alisema yote. Alisema habari ya simu iliyowekwa kaunta, na wimbo mmoja uliobaki. Alisema kuhusu matapishi, kwa kuwa bila hayo isingeeleweka. Alisema aproni ya mpira, kwamba mwavuli haukuwapo kabisa siku ile, na nguzo kumi na tisa zilihesabiwa na nani. Hakupandisha sauti. Alizungumza kama anavyosoma orodha ya vitu vya dukani.

"Unasema baba alikuwa mwongo," Noriaki alisema. Uso ulikuwa umemwiva.

"Nasema hakuwapo."

"Mwezi mmoja! Hata hajaingia kaburini!"

"Ndiyo. Akishaingia neno litakuwa limeshachongwa."

"Mbona hukusema? Miaka yote hii, Mama, mbona hukusema?"

"Alinikataza, nikatii." Alikisukuma kikombe chake pembeni. "Wimbo ule unanitia kinyaa, mwanangu, na yule mwenye nywele za rangi ya kiatu ananitia kinyaa akifumba macho. Baba yako akiuimba alinitia kinyaa. Lakini kinachonichefua kuliko vyote ni huyu hapa, aliyenyamaza akaendelea kumpigia pasi shati la kwendea kuimbia."

Chinatsu alikuwa amekaa nyuma ya mume wake. Alisogea akaja kukaa kando ya mama mkwe, goti kwa goti.

Na pale pale, kwenye mfuko wa Noriaki, marehemu akajikohoza.

"Mwavuli wetu ni mmoja, sogea karibu..."

Noriaki aliitoa simu akaiangalia, sauti ya baba yake inamtetemekea kiganjani. "Bega langu na..." Akaizima. Akasimama, akavaa viatu bila kuvifunga kamba, akatoka.

Bwana Kanemitsu aligonga mlango kwa kidole, akauliza kama aende. Bibi Sumiyo akamwambia anywe chai yake kwanza, imepoa lakini ni chai. Alikunywa yote, akasema ni tamu. Kisha akaaga.

Ilikaribia saa sita mchana Noriaki aliporudi. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye vipande vitatu vya tofu. Hakutazama mtu. Lakini suruali yake, ile nyeusi ya msiba, ilikuwa imelowa magotini, mviringo mmoja kwa kila goti, na kwenye paji la uso palikuwa na alama ndogo ya saruji. Bibi Sumiyo aliijua sakafu ile. Alielewa mwanawe alikuwa amepiga magoti wapi, na kwamba hakuinama nusu nusu.

"Mzee anasema," Noriaki alianza, akasita. "Anasema nilikuwa mzito. Anasema hakujua kama uzito ule ni wako au wangu, ila ananilaumu mimi."

Chinatsu alicheka huku analia.

"Nimempigia simu Bwana Kanemitsu. Majina tu." Alimkabidhi mke wake simu. "Nibadilishie mlio. Weka kengele. Kengele yoyote." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini: "Usiifute sauti, lakini. Iweke mahali."

"Usiifute," alisema Bibi Sumiyo. "Ni baba yako."

Walikaa kula. Chinatsu alikwangua tangawizi, akakata vitunguu majani. Bibi Sumiyo alikata tofu, na kama kawaida akaweka kipande cha kwanza kwenye kibakuli kidogo cha madhabahuni. Noriaki akakichukua akipeleke kwa baba yake. Alifika mbele ya chungu cha mifupa akasimama pale, mgongo wake umewageukia, magoti yamelowa.

Kisha akageuka. Akarudi na kibakuli mikononi, akakiweka mbele ya mama yake, kwa mikono miwili.

"Leo anza wewe, Mama," alisema. "Yeye amebakiza wimbo mmoja. Atangoja."

Bibi Sumiyo alichukua vijiti. Ladha ya nyongo ilikuwa bado ipo nyuma ya ulimi, na alijua itakuwepo Jumapili Kurahashi akifumba macho, na Juni mvua ikianza. Alikula kipande chote. Kilikuwa kile cha pembeni, kigumu kigumu.